Tabla juu ya besi: muziki huu una wenyewe, tuusikilize vizuri (uzi maalum)

Ngalawa Kavu (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna muziki tunausikia kila mara na hatuusikilizi. Uko mapokezi ya hoteli za kitalii, uko saluni, uko kwenye video za yoga. Sitar, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi, inalia kwa mbali, tabla, zile ngoma mbili za mkono, inatembea chini yake, besi nene inapita bila haraka, na juu ya vyote kuna mwanamke anaimba Kihindi au Kiurdu. Umewekwa pale ili mteja atulie. Ukimuuliza mhudumu ni nani anaimba, hajui, na si kosa lake, kwa sababu hata aliyeuza mkusanyiko ule hakujali kama utajua.

Nafungua uzi huu kwa sababu muziki ule una wenyewe. Una majina, una mitaa, una miaka, na utulivu wake unaficha ufundi mgumu kweli kweli. Naupenda kuliko karibu muziki wowote uliowahi kutengenezwa kwa kompyuta. Nashusha ninachokijua, wenye zaidi waongeze.

Tuanzie London mashariki. Brick Lane na mitaa ya jirani ilikuwa imejaa familia za Kibangali, wengi wao watu wa Sylhet, waliokuwa wakishona nguo viwandani. Walitukanwa na kupigwa barabarani. Mei 1978 mshona nguo mmoja kijana, Altab Ali, alichomwa kisu akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka kazini, akafa. Bustani iliyo karibu na pale alipouawa leo ina jina lake. Watoto waliokulia mitaa ile walikuwa na nyimbo za sinema na za ibada ndani ya nyumba, na nje wakawa na rege na dabu za Wajamaika, baadaye hiphop. Ndugu wawili, Farook na Haroon Shamsher, walianzisha saundi sistimu yao miaka ya 1980 wakaiita Joi Bangla. Walipiga vyote hivyo kwa pamoja kwa sababu ndivyo walivyoishi.

Klabu ikaja baadaye. Katikati ya miaka ya 1990 Talvin Singh, mpiga tabla aliyezaliwa Leytonstone, pamoja na Sweety Kapoor walianzisha usiku wa Anokha pale Blue Note, Hoxton Square. Ulikuwa usiku wa Jumatatu, siku ambayo klabu nyingi hulala. Talvin hakuwa mtu wa kubahatisha: alikwenda Punjab akiwa kijana kusomea tabla kwa mwalimu, na mwaka 1993 alishiriki kwenye albamu ya Debut ya Björk, mwimbaji wa Iceland, akipiga tabla na kusimamia vyombo vya nyuzi vilivyorekodiwa India. Mwaka 1997 ukatoka mkusanyiko wa Anokha, na magazeti yakabandika jina "Asian Underground" kwa kila mwenye asili ya Kihindi, Kipakistani au Kibangali aliyekuwa na sampla, mashine ya kunasa na kurudia vipande vya sauti. Wanamuziki wengi walilikataa jina hilo, na walikuwa na haki. Asian Dub Foundation walipiga gitaa kwa hasira na kusimamia haki za wahamiaji na wafungwa, Badmarsh & Shri walikuwa na besi ya kubembeleza. Kuwatia kapu moja ni uvivu.

Talvin akatoa albamu yake OK mwaka 1998. Mwaka uliofuata ikachukua Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka kwa Uingereza na Ireland. Fikirieni, mtu amekaa na tabla mbele, amezungukwa na mashine, na amewapita wote.

Ila albamu ninayotaka kuisemea kwa nguvu ni ya Nitin Sawhney, Beyond Skin, ya 1999. Ukiikuta hotelini utadhani ni ya kupumzikia. Kuna piano laini, kuna gitaa ambalo Nitin mwenyewe analipiga kwa mtindo wa flamenko, kuna Swati Natekar anaimba wimbo wa Nadia kwa koo lililosomea raga, mitindo ya noti ya muziki wa jadi wa India, huku dramu za kasi za jungle zikikimbia chini yake kwa mbali. Sasa ianze mwanzo. Inafunguka kwa sauti ya Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, akitangaza majaribio ya nyuklia ya Mei 1998. Inafungwa kwa sauti ya Robert Oppenheimer, aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Marekani, akikariri maneno ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kuhusu mauti. Uzuri wote ule umebanwa kati ya mabomu mawili. Mtu ameandika hivyo kwa makusudi, halafu sisi tunaisikiliza tukisubiri funguo za chumba.

Uzi uko wazi.

Kishandu:

Nipo siti ya mbele mkuu. Shusha nondo.

Bintikisauni:

Mleta uzi hongera, umeandika kwa mapenzi. Lakini ndugu yangu, sisi watu wa Mombasa tutauliza. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa sauti za filamu za Kihindi miaka mingi kabla hiyo Blue Note haijafikiriwa. Tabla ilikuwapo, kinanda kilikuwapo. Harusini kwetu bibi wa miaka 70 anaitambua filamu ambayo sauti ya wimbo imetoka, na anakwambia nani alicheza na nani. Kuchanganya Uhindi na vya kwetu si jambo la juzi. Kwa hivyo nauliza kwa nia njema, London walifanya lipi ambalo Mombasa haikulifanya?

Ngalawa Kavu:

Dada Bintikisauni, ahsante, swali hili nililitamani.

Bhalo alichukua sauti ya wimbo. Shairi likabaki mfalme: kuna beti, kuna kiitikio, kuna fumbo ambalo waliokaa chini wanalifumbua wenyewe na mlengwa anajijua. Ukiyaondoa maneno ya Bhalo umeondoa kila kitu. London wao walishuka chini ya sauti ya wimbo, wakachukua kinachoubeba: mzunguko wa mapigo uitwao tala, na ule mlio usiokatika wa tanpura, chombo cha nyuzi, unaomshikilia mwimbaji. Wakagundua kwamba vitu hivyo viwili vinakubaliana na mashine. Alapu, yaani ule mwanzo wa raga usio na mapigo, ambapo mwanamuziki anaitambulisha noti moja baada ya nyingine, unakaa vizuri kabisa juu ya sinthesaiza inayoshikilia mlio mmoja dakika nzima. Hawakulazimisha.

Ni kazi mbili tofauti na sioni haja ya kupanga ipi iko juu. Nitasema hivi tu: mtu aliyekulia Mombasa au Unguja ana sikio lililokwisha andaliwa. Anaijua tabla tangu utotoni. Anahitaji tu kuambiwa akae asikilize.

Fundi Mixa:

Wakuu, mimi kazi yangu studio, nachangia upande wa ufundi kwa sababu wengi wanadhani hii ni kuweka lupu ya tabla juu ya biti, kazi imeisha.

Tabla ni ngoma mbili. Ya kulia ni ndogo, ya mbao, inaitwa dayan. Ya kushoto ni pana zaidi, ya chuma, mara nyingi shaba, inaitwa bayan. Kila moja ina duara jeusi juu ya ngozi. Duara lile ni mchanganyiko wa unga wa chuma na gundi ya wanga, unapakwa tabaka kwa tabaka na kusuguliwa kwa jiwe. Ndilo linalofanya ngoma itoe noti iliyonyooka, unayoweza kuiimba. Dayan inasetiwa kwa nyundo ndogo: unagonga vipande vya mbao vilivyobanwa chini ya kamba za pembeni, ngozi inakaza au kulegea, mpaka ikubaliane na noti ya msingi ya mwimbaji. Bayan ina mambo yake. Mpigaji akishapiga kwa vidole, anaibonyeza ngozi kwa kisigino cha kiganja na kukisogeza, noti inapinda na kupanda wakati bado inalia.

Hapo ndipo kazi ya mixa inapoanza. Bayan na besi ya sinthesaiza zinakaa masafa yale yale ya chini. Ukiziachia zote mbili sabufa inatoa uji. Fundi mvivu anaikata bayan masafa ya chini, na akishafanya hivyo amemuua mpigaji, kwa sababu kule kupinda ndiko kuongea kwake. Fundi mzuri anaipanga besi ishike noti ndefu na kuacha nafasi, bayan ijibu ndani ya nafasi ile. Ukisikia wimbo wa aina hii umetulia, aghalabu ni kwa sababu kuna mtu alikubali kuipunguza besi yake.

La pili ni hesabu. Tala inayotumika zaidi ni teental, mapigo 16. Ihesabu kwa mdomo, ndivyo wanavyofundishwa:

dha dhin dhin dha
dha dhin dhin dha
dha tin tin ta
ta dhin dhin dha

Mapigo 16 ni sawa na mistari minne ya mapigo manne, yaani umbo lile lile la hausi, la jungle, la hiphop. Ndiyo maana ndoa ilikuwa rahisi. Tala za 7 au 10 zipo, nzuri mno, lakini DJ akijaribu kuziunganisha na rekodi nyingine anapata taabu.

Sasa tazama mstari wa tatu. Dha na dhin zinapigwa kwa mikono miwili, zina besi ndani. Tin na ta ni mkono wa kulia peke yake. Kuanzia pigo la 10 mpaka la 13 mkono wa kushoto haulii, besi imeondoka, halafu pigo la 14 inarudi. Sehemu ile wanaiita khali, yaani tupu. Yule DJ wa klabu anayeikata besi watu wakae roho juu, kisha akairudisha ukumbi ukalipuka, anafanya jambo ambalo mpiga tabla analifanya ndani ya kila mzunguko.

Na tihai je? Ni kifungu kinachorudiwa mara tatu, kimepimwa ili pigo la mwisho liangukie kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya. Talvin na Nitin waliwahi kuwa na kundi lao likiitwa Tihai Trio, kabla dunia haijawajua. Ukizoea kuzisikia tihai hutasikiliza muziki huu kama zamani. Utajikuta unahesabu kwenye daladala.

Mwisho, vijana wa studio, acheni kununua lupu za tabla na kuzikimbiza. Lupu ya zamani ukiikimbiza, noti ya dayan inapanda nayo, na wimbo wako unakuwa na ngoma iliyo nje ya ufunguo. Programu za sasa zinaweza kuishika noti isipande, lakini mlio wa ngozi unachakaa. Mtafute mpigaji. Hapa Dar wapo, Mombasa wapo, Nairobi wapo.

Kishandu:

Fundi umenifungua. Nimeuhesabu mstari wa tatu kwa kugonga meza, nimeusikia ule utupu.

Sasa nimuulize mleta uzi. Sehemu kubwa ya muziki huu ilinunuliwa na nani? Wazungu wa tabaka la kati wenye mishumaa nyumbani. Wanapenda picha ya India iliyotulia, isiyo na kelele wala njaa. Nikisikia "muziki wa kutuliza wa Asia" napata wasiwasi.

Ngalawa Kavu:

Mkuu Kishandu, wasiwasi wako una msingi na nitakujibu kwa mifano, siyo kwa kutetea.

Biashara ya mishumaa ipo. Buddha-Bar, mgahawa wa Paris uliofunguliwa 1996, ulianza kutoa mikusanyiko yake 1999, na baada ya hapo kila hoteli duniani ikataka wa kwake. Mikusanyiko ile ilikuwa na nyimbo nzuri ndani. Tatizo ni namna wimbo wa mtu ulivyopangwa kati ya nyingine 15 mpaka ukageuka kuwa rangi ya ukuta. Jina la mwimbaji likawa maandishi madogo, halafu likapotea kabisa tulipohamia kwenye simu.

Sasa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1990 Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji wa kawali wa Pakistani, alitoa Mustt Mustt kwa lebo ya Real World. Massive Attack wa Bristol wakaufanyia rimiksi wimbo uliobeba jina la albamu: dabu nzito, nafasi kubwa, na ile sauti katikati. Kawali ni uimbaji wa mazara, yaani makaburi ya mawalii, wa kumtafuta Mungu, na wapo waliokasirika kuusikia klabuni. Mimi nasema hivi: sauti ya Nusrat haikupunguzwa wala kupambwa. Wameiwekea chumba kikubwa na kumwachia aimbe. Mwaka 1997 wakaja vijana wenyewe wa London, Talvin, Nitin, Joi, State of Bengal, Asian Dub Foundation, wakazifanyia rimiksi rekodi alizofanya Nusrat na prodyuza Michael Brook kwenye albamu ya Star Rise. Nusrat alifariki Agosti mwaka huo huo akiwa na miaka 48. Wale hawakuwa watu wa mishumaa. Walikuwa wanamzika mtu wao.

Na kama unatafuta utulivu wenye uzito, chukua We Are Three ya Joi, ya mwaka 2000. Wale ndugu wa Brick Lane niliowataja juu. Haroon alisafiri Bangladesh kurekodi waimbaji na wapigaji kwa ajili ya albamu ya pili. Julai 1999, baada ya safari hiyo, akafariki kwa moyo, bado kijana. Farook akabaki na kanda. Akakaa nazo, akaimalizia albamu kwa kile alichokirekodi ndugu yake, ambaye hayupo tena. Sasa mtu akiiweka ile kwenye orodha ya "muziki wa masaji" na kulifuta jina, mimi naumia.

Bintikisauni:

Inna lillahi. Sikujua habari hiyo ya ndugu wale wawili. Nitaitafuta leo hii.

Mzee Ndovu:

Vijana, mmeanzia mbali sana mbele. Mimi ni mkusanyaji wa santuri, nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1982, Bombay, alikuwepo Charanjit Singh, mpiga gitaa na vinanda wa orkestra za filamu. Alikuwa na mashine tatu za Roland: sinthesaiza ya Jupiter-8, mashine ya ngoma ya TR-808, na kile kisanduku cha besi, TB-303. Akarekodi raga 10 juu ya mdundo wa disko, akaziita hivyo hivyo, Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat. Bhairav, Lalit, Todi, Yaman, Malkauns na nyingine. Santuri haikuuza, ikalala.

Sasa kile kisanduku cha TB-303 kina kitufe cha kutelezesha noti moja mpaka nyingine. Raga haiendi bila kuteleza. Mpiga sitar huvuta waya pembeni kwa ajili hiyo hiyo. Charanjit aliliona hilo, akakitumia kama alivyoona kinafaa kwa raga. Miaka mitano baadaye, 1987, Phuture wa Chicago wakatoa Acid Tracks kwa kisanduku hicho hicho na dunia ikasema muziki mpya wa klabu, asidi (acid house), umezaliwa. Hawakuwa wamemsikia Mhindi yule, wala yeye hakuwasikia. Santuri yake ilipotolewa upya 2010 watu wakadhani ni utapeli, kwamba mtu kairekodi juzi. Haikuwa utapeli. Mzee akaanza kualikwa kwenye matamasha Ulaya, akapiga mpaka karibu na mwisho wake, alifariki 2015.

Ni ya kasi, si ya kutuliza. Lakini mwenye kupenda tabla na mashine asipoijua hiyo, hajamaliza darasa.

Leicester Mswahili:

Salaam kutoka Leicester. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko huku siku nyingi.

Nataka kuongeza jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulisahau. Sehemu kubwa ya Wahindi wa Uingereza hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka kwetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya mji huu ninaoishi ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Walikuja hivyo hivyo, na leo ukipita Belgrave Road unasikia Kigujarati, na kwa wazee, Kiswahili safi kabisa. Kabla yao, 1967 na 1968, walikuwa wametoka maelfu Kenya, mpaka bunge la Uingereza likapitisha sheria ya haraka ya kuwazuia.

Muziki ulikuja ndani ya masanduku yale. Kuljit Bhamra, mpiga tabla na prodyuza aliyeujenga muziki wa bangra, ule wa kucheza wa Kipunjabi, wa Uingereza, alizaliwa Nairobi. Mwaka 1982, mwaka ule ule wa Charanjit wa Mzee Ndovu, alimrekodi mama yake mzazi, Mohinder Kaur Bhamra, kwenye albamu ya Punjabi Disco, sinthesaiza na mashine ya ngoma chini ya sauti ya mama aliyezoea kuimba harusini. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka kumi kabla ya Anokha. Akina Talvin walikuta njia imekwishafyekwa, na mmoja wa waliofyeka alikuwa mtoto wa Nairobi.

Ngalawa Kavu:

Mkuu Leicester, hii umeimaliza. Naomba wanaosoma uzi huu waione hiyo.

Fundi Mixa:

Marekani nao walikuwa na tawi lao, nisilipite. Karsh Kale alizaliwa Uingereza akakulia New York, albamu yake Realize ilitoka 2001, na humo dramu za kawaida na tabla ya umeme vinapigwa na mtu mmoja. Kundi la Tabla Beat Science lilimweka yeye na Talvin pamoja na Ustad Zakir Hussain na Trilok Gurtu, Bill Laswell akiwa kwenye besi. Zakir, aliyetutoka Desemba 2024, angeweza kukaa na jadi peke yake na asingepungukiwa heshima. Alikaa na mashine na hakupiga chini ya kiwango chake. Kwa upande wa Delhi, wasikilizeni MIDIval Punditz.

Nahodha wa Pangani:

Naomba nami niweke moja. Sipendi kuilazimisha Afrika Mashariki pasipohusika. Hapa inahusika.

Kule Gujarat kuna watu wanaitwa Sidi, vizazi vya Waafrika waliovuka bahari, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Kijiji cha Ratanpur kina mazara ya Bava Gor, walii wao Mwafrika, na hapo wanapiga goma. Wana ngoma yenye miguu wanaiita mugarman. Wana malunga, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Wengi hawajui tena Kiswahili, wanasema Kigujarati, lakini mtu wa mwambao akiwaona wanavyoingia kwenye duara hatahitaji mkalimani.

Mwaka 2016 Sarathy Korwar, mpiga dramu na tabla aliyekulia India na kuishi London, alitoa albamu ya kwanza, Day to Day, kwa kuwarekodi Sidi wa Ratanpur kisha kuwaunganisha na wapigaji wa jazi na mitambo ya kielektroniki. Nyimbo zinaanza na sauti za Sidi wenyewe, jazi inaingia taratibu kwa adabu. Ni tulivu na ina nguvu. Nimeisikiliza usiku baharini na sikuweza kuizima.

Kishandu:

Nahodha, hapo umenishika. Naondoa nusu ya wasiwasi wangu, nusu nabaki nayo.

Sasa kwa sisi wageni, tuanze na nini? Mtupe utaratibu, maana majina yamekuwa mengi.

Ngalawa Kavu:

Mkuu, utaratibu wangu ni huu, wengine watakuwa na wao.

Anza na Beyond Skin, yote, bila kuruka, kwa hedifoni. Spika ya simu haitoi bayan kabisa, utasikia nusu ya ngoma. Kisha OK ya Talvin, na hapo usikimbize wimbo wa kwanza, Traveller, unaozidi dakika 10. Hesabu 16 za Fundi ukiwa ndani yake. Ukitoka hapo nenda We Are Three, kisha Day to Day ya Nahodha.

Ukitaka kuona muziki huu umefika wapi, tafuta Morning/Evening ya Four Tet, ya 2015. Kieran Hebden ni Mwingereza ambaye mama yake ni Mhindi aliyezaliwa Afrika Kusini. Albamu ina vipande viwili tu, cha asubuhi na cha jioni, kila kimoja kama dakika 20. Mtu anayejua kwamba raga zina saa zake, Bhairav ya alfajiri, Yaman ya mwanzo wa usiku, ataona mgawanyo huo ulikotoka. Katika kipande cha asubuhi inaelea sauti ya Lata Mangeshkar kutoka wimbo wa sinema, inakuja na kuondoka juu ya mapigo ya hausi. Dada Bintikisauni na bibi yake wataitambua mara moja.

Na Arooj Aftab wa Pakistani, aliyepata Grammy 2022 kwa Mohabbat. Hana mashine nyingi, wala tabla wakati mwingine. Ana ghazali, mashairi ya mapenzi ya Kiurdu, kinubi, gitaa, na ukimya mwingi. Anapiga kwa staha ile ile.

Ombi langu kwa wenye migahawa na saluni mliomo humu: msiuzime muziki huu, ila bandikeni karatasi kaunta yenye majina ya wanaopigwa siku hiyo.

Bintikisauni:

Shangazi yangu ana duka la vitambaa Makadara, redio haizimwi. Nimeshamwandikia majina matano kwa kalamu ya wino, nitambandikia kesho. Mzee Ndovu, ile ya Charanjit inapatikana kwa santuri au ni kwa simu tu?

Mzee Ndovu:

Toleo la 2010 lilitoka kwa santuri pia, binti yangu. Ukiipata, anza na Raga Lalit.